Punda Namba 318

Shekuwe alinipigia saa moja na nusu asubuhi:
"Punda wamechanganyika."
Nikamwambia punda wa Lamu wamechanganyika tangu zamani,
wanalala mlangoni pa watu wasiowajua,
wanakula maboksi nyuma ya maduka ya Langoni.
"Si hao," akasema. "Hawa wa ndani ya mashine."

Zahanati ya punda ina vyumba viwili na zizi,
kompyuta ya mapokezi, kompyuta ya dawa,
na sanduku jeusi juu ya kabati la chanjo
linalohifadhi kila kitu kwa niaba ya zote mbili.
Ni mimi niliyeliweka pale. Hilo nalitanguliza.

Kwenye skrini: punda namba 318, jike, wa Bwana Famau,
amekufa mwezi wa tatu kwa msokoto wa tumbo
na juzi amepewa dawa ya minyoo.
Namba 319 hana mwenyewe.
Namba 320 ni 318 tena, ila ana masikio ya mwingine.
Chini yao ilani nyekundu, mstari mmoja:
umbo la hifadhidata limeharibika.

Nilianza kwa kutogusa kitu.
"Zimeni zote mbili. Mtu asihifadhi, asifute, asibahatishe."
Nikalinakili faili bovu pamoja na ubovu wake,
maana kidonda ukikiosha kabla ya kukitazama
hujui tena mwiba uliingilia wapi.

Nikaituhumu chumvi. Hapa chumvi hutuhumiwa kwa kila jambo,
na kweli ncha za kebo zilikuwa na kutu ya kijani.
Nikakata, nikafunga mpya. Nikautuhumu umeme,
uliokatika Jumanne mara nne.
Nikaituhumu diski; nikaipima hadi adhuhuri,
ikatoka haina doa.

Mwisho ikabidi nijitazame.

Kufuli. Nilimweleza Daktari Kahindi
akiwa na mkono mzima kinywani mwa punda, anatafuta jino:
anayeandika hufunga mlango kwanza. Mwingine akija
hubisha hodi, akangoja.
Ndani ya mashine moja, hodi husikika.
Lakini kupitia waya,
sanduku lilikuwa likiwaambia wote wawili "Karibu,"
kila mmoja akidhani yuko peke yake chumbani,
wakaandika ukurasa mmoja, huyu juu ya huyu.
Tena lilikuwa likisema "Nimeshaandika"
na maneno bado yamo kiganjani.
Umeme ukakatika papo hapo.

"Kwa hiyo sanduku ni mwongo," akasema Kahindi.
"Ni pole kupita kiasi. Lilitaka kila mtu aondoke ameridhika."
Akang'oa jino.

Nikachota kilichochoteka, mstari kwa mstari,
nikakimimina katika faili jipya, nikajenga faharasa upya.
Nakala ya akiba ya mwisho ilikuwa ya mwezi wa pili,
nayo, aibu yangu,
ilikuwa ndani ya sanduku lilelile.
Wakabaki punda arobaini na wawili wasiojulikana ni wa nani.

Mwanamkuu wa dawa akasema, "Si waje tu?"

Wakaja Jumamosi, foleni kutoka zizini hadi gatini,
wengine na mchanga bado kwenye shogi.
Mwanamkuu akawasoma: kovu la kamba,
sikio lililokatwa ncha, kwato iliyopasuka Desemba.
Yeye akisoma ngozi, mimi nikichapa,
kompyuta moja imewashwa, ya pili nimeichomoa waya.

318 alikuja kwa miguu yake, akamkanyaga Shekuwe.
"Huyu hakufa," akasema Bwana Famau. "Alokufa ni mamake."
Nikafuta kifo kwa kidole kimoja.

Sasa hifadhidata inakaa mapokezini, kwenye diski ya palepale,
na chumba cha dawa huomba kupitia mlango mmoja.
Sanduku jeusi nimeliachia picha za kwato.
Kila jioni Shekuwe huenda nyumbani na nakala mfukoni,
pamoja na funguo na peremende.

319 hajatokea. Hana jina, hana rangi,
ana tarehe tu na kipimo cha dawa.
Nimeshindwa kumfuta.
Kila jioni nakala ikichukuliwa,
naye huchukuliwa.